Anayejibu Kwanza

Mtaalamu aliondoka nyumbani kwa dada yake bila kula, na hilo peke yake lingetosha kumtia mtu wasiwasi. Tangu akiwa wa kubebwa na kukalishwa kitini, kijana yule hakuwahi kuiacha sahani ya dada yake. Angekuwa na homa, angekula. Angegombana naye asubuhi, mchana angerudi akaketi mezani kana kwamba hakuna lililotokea. Lakini Jumapili ile alikaa mbele ya kompyuta, akamaliza kazi yake, akasimama, akasema ana haraka, na chakula kikabaki mezani kimefunikwa. Dada mtu akadhani ni tumbo.

Dada mtu alikuwa fundi cherehani, na Fundi ndilo jina aliloitwa mtaa mzima, hata na baba yake mzazi. Alishona sare za shule, magauni ya harusi, suruali za kupunguza kiuno na, kwa wale ambao mambo yamewanyookea, suruali za kuongeza kiuno. Mama yao alipofariki, mdogo wake alikuwa bado anavuta sketi za watu, na Fundi ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa nguvu za mguu wake, maana cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Sasa kijana alikuwa mtu wa kompyuta katika kampuni moja mjini, ana mke na binti mdogo. Jina la Mtaalamu alipewa na dada huyo huyo, nusu kwa majigambo na nusu kwa utani.

Fundi aliishi na baba yao, mzee aliyepoteza macho lakini hakupoteza maneno. Nyumba yenyewe ilikuwa ya ukumbi mmoja mrefu. Mbele kilikuwa chumba cha kushonea na jiko pembeni yake, kisha chumba cha kulala cha Fundi, kisha cha mzee, na mwisho wa ukumbi njia iligawanyika. Kulia palikuwa na bafu. Kushoto palikuwa na mlango wa nyuma, na nje ya mlango huo ngazi za saruji zilizoteremka wima hadi uani, hazina hata ukuta wa kushika. Mjenzi wake alilipwa, sijui kwa nini.

Mzee hakutumia fimbo. Alitembea kwa kuuliza.

"Fundi, nimefika wapi?"

"Umepita mlango wangu, baba. Endelea."

"Na sasa?"

"Sasa kulia. Kulia ndiyo, kushoto hapana."

"Kushoto hapana," mzee angerudia, na wote wawili wangecheka, maana walikwisha kuyasema hayo mara nyingi kupita kiasi. Fundi aliyajibu akiwa kichwa chini, mguu ukikanyaga, na sindano haikusimama. Sauti yake ndiyo iliyokuwa macho ya baba yake.

Sasa kompyuta. Wateja wa siku hizi hawaji na kitambaa na maelezo. Wanatuma picha ya gauni walilomwona nalo mtu mwembamba na wanataka hilo hilo. Wiki ile kurasa ziligoma kufunguka. Taa za mtandao zinawaka, kila kitu kizima, lakini ukiandika jina la ukurasa unasubiri, unasubiri, halafu yanakuja maandishi kwamba seva ya DNS haijibu. Fundi aliizima, akaiwasha, akaifuta vumbi, akaitukana. Mwisho akampigia mdogo wake. Kwa kawaida ilibidi abembelezwe mpaka umchoke. Safari hii alisema anakuja kabla dada yake hajamaliza kueleza tatizo.

"Kompyuta ni kipofu, dada," alieleza alipokuja, akiwa amempa mgongo. "Haijui mahali pa mtu yeyote. Ukiandika jina, yenyewe inamwuliza mjuzi mmoja huko nje: fulani anakaa wapi? Mjuzi anaipa namba, nayo inaifuata. Huyo mjuzi ndiye DNS. Wa kwenu amechoka, haitikii. Nakuwekea mwingine."

"Kumbe ni kama mimi na baba!"

"Basi huyo mgeni aambiwe mapema," mzee akadakia kutoka kitini kwake. "Asije akanipeleka kushoto!"

Fundi akacheka mpaka akashika ubavu. Mtaalamu hakucheka. Alifungua mipangilio ya mtandao, dirisha moja likazaa jingine, hadi akafika kwenye kidirisha kidogo chenye visanduku vitupu. Palipoandikwa anwani zitafutwe zenyewe, akaondoa alama. Akaanza kujaza namba kwa kichwa, bila kutazama popote. Kisha akasogeza kiti pembeni.

"Bonyeza hapo. Penye 'Sawa'."

"Si wewe uko karibu?"

"Nyumba ni yako, dada. Bonyeza wewe."

Kidole cha Fundi kilikuwa na chaki ya kukatia nguo, na kilipobonyeza kiliacha alama nyeupe kwenye kipanya. Hapo ndipo Mtaalamu aliposema ana haraka. Alitoka bila kumuaga baba yake.

Mtandao ukawa na kasi ya ajabu. Kurasa zilifunguka kabla Fundi hajaondoa kidole. Akampigia mdogo wake kumshukuru, hakupokea. Akamtumia ujumbe wa kumwagia sifa, haukujibiwa. Akasema moyoni kwamba wasomi wana mambo mengi. Siku chache baadaye kurasa zikaanza kufunguka kabla hajamaliza kuandika jina, na hilo nalo akalihesabu kuwa ni maendeleo.

Kilichomsumbua ni harufu. Chumba cha kushonea kilianza kunuka kitambaa kilichoungua, harufu ile ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo ya mteja, ambayo fundi yeyote akiisikia moyo humruka. Akakimbilia pasi. Ilikuwa baridi, waya umezungushwa, juu ya rafu. Akanusa nguo moja moja, hakuna iliyoungua. Harufu ikaja tena kesho yake, na kesho kutwa, kila mara karibu na kompyuta.

Alasiri moja alikuwa akitafuta mkasi wake mkubwa. Akapekua meza, akainua vipande, akajisemea kwa hasira kama wanavyojisemea watu waliozoea kufanya kazi peke yao, "Mkasi huu nao uko wapi?" Skrini ikawaka. Katika kile kisanduku cha kutafutia, herufi zikaanza kujipanga, taratibu, kama zinazoandikwa na mtu asiyezoea kibodi: *chini ya kitambaa cha buluu*. Fundi akakiinua kitambaa cha buluu. Mkasi ulikuwapo. Alisimama nao mkononi kwa muda, halafu akajilazimisha kutabasamu na kusema kwamba Mtaalamu kaweka programu mpya. Lakini tangu saa hiyo hakupenda kuipa kompyuta mgongo.

Siku ya sauti alikuwa ametoka dukani kununua zipu. Alipofungua mlango wa mbele alimsikia baba yake ukumbini.

"Fundi, nimefika wapi?"

Akafungua mdomo amjibu kwamba ndiyo kwanza anaingia. Kabla hajatoa neno, akajisikia mwenyewe akijibu kutoka chumba cha kushonea, sauti yake hasa, na uchovu wake wa mchana, na ule mkwaruzo wa kooni alioupata tangu utotoni: "Umepita mlango wangu, baba. Sasa kulia."

Mzee akaenda kulia, akaingia bafuni, akafunga mlango. Fundi alibaki kizingitini na mfuko wa zipu, akiutazama mlango wa chumba cha kushonea ulioegeshwa, na ndani cherehani ikikanyagwa, tak-tak-tak-tak, kwa mwendo wake yeye, hata ile pumzi fupi anayovuta kila anapogeuza kitambaa ilisikika, na harufu ya kuungua ikatiririka ukumbini mpaka ikamwashia macho. Aliusukuma mlango kwa ncha ya kiatu. Chumba kilikuwa kitupu. Kikanyagio cha cherehani kilikuwa bado kinacheza kidogo, juu, chini, kisha kikatulia.

"Baba," alimwambia mzee alipotoka, kwa sauti ya chini, "aliyekujibu si mimi."

"Nani sasa?"

 Mzee akamshika mkono, akasema, pole pole, "Nilidhani umeanza kunipenda zaidi. Siku hizi unanijibu haraka."

Fundi alikaa kwenye kompyuta, akatafuta kile kidirisha alichoonyeshwa, akafuta namba zote, akarudisha ilivyokuwa zamani. Akafunga, akafungua kuhakikisha. Namba zilikuwa zimerudi mahali pake. Akafuta tena, zikarudi. Akang'oa waya ukutani, skrini ikazimika, na kutoka ukumbini sauti yake ikasema kwa upole, "Niko hapa, baba," ingawa mzee safari hii hakuwa ameuliza kitu.

Asubuhi iliyofuata alikuwa jikoni akichemsha maji. Alisikia kitasa cha mlango wa nyuma. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kugusa kitasa kile, na katika muda wa kuweka chini kikombe akili yake ikapita kwenye kila kitu kwa pamoja, mzee ameamka, mzee ameuliza, mimi sikusikia, nani amejibu, naye akatoka mbio, akijigonga kwenye fremu ya mlango, akaparamia ukumbi, akamkuta baba yake amesimama mlangoni kabisa, mwanga wa asubuhi umemjaa usoni, mguu mmoja juu ya ngazi na mwingine hewani, mkono ameunyoosha mbele kama wa mtu anayepokelewa, na kutoka chini kule uani, chini kabisa ya ngazi zile, sauti yake yeye Fundi ikimwita kwa bashasha, "Kushoto, baba, njoo tu, njoo, uko karibu." Akamdaka kwenye kola ya shati. Wakaanguka wote wawili ndani, mzee juu yake, kola ikabaki mkononi.

"Uliniambia kushoto," mzee alisema, akilia. Fundi hakuwahi kumwona baba yake akilia hata walipomzika mama. "Fundi, mbona uliniambia kushoto?"

Mchana aliufunga mlango wa nyuma kwa kufuli, akamwacha mzee kwa jirani, akaenda kwa mwanamke mmoja wa mtaa wa pili ambaye watu walimwita Bi Ubani. Alikuwa mfupi, mkali, na alikuwa akitoa majini kabla Fundi hajajua kushika sindano. Alikuja na chetezo chake, akaingia, akanusa mara moja, akatoka. Akamvuta Fundi mpaka barabarani ndipo akasema.

"Ndani humo sifungui mdomo. Hili ni jini la njia. Chakula chake ni swali. Kila mtu anapouliza humo ndani, lenyewe linajibu, na kila linapojibu linanenepa. Kwanza linajibu kweli, ili uzoee. Likishashiba kweli, linataka damu."

"Limeingiaje, Bibi? Mimi si mtu wa mambo hayo."

"Haliingii kwa dirisha. Mwenye nyumba hulikaribisha kwa mkono wake mwenyewe."

"Sijakaribisha kitu!"

 Fundi akaiona akilini ile alama nyeupe ya chaki juu ya kipanya, akaisikia sauti ya mdogo wake, nyumba ni yako, bonyeza wewe. 

"Na anayelileta anajua analileta," Bi Ubani akaendelea, bila huruma, maana wanaofanya kazi ile huruma wanaiacha nyumbani. "Alikuwa nalo kwake. Halihami bila kupewa nyumba nyingine."

Kampuni ya Mtaalamu ilikuwa ghorofani, chumba chenye baridi ya mashine na watu walioinamia skrini. Alipomwona dada yake mlangoni, kijana alisimama, kiti kikaanguka. Wakaenda kusimama kwenye ngazi za dharura.

"Baba mzima?" aliuliza.

"Kwa hiyo unajua."

Mtaalamu akateremka ukutani mpaka akachuchumaa. Alisema kwa kunong'ona, machozi na makamasi yakichanganyika, kwamba namba zile alipewa na mfanyakazi mwenzake mtandao wa nyumbani kwake uliposumbua, na mwenzake yule naye alimwambia abonyeze mwenyewe, kisha akaacha kazi. Kwamba binti yake alikuwa akiuliza mama yuko wapi, na mama anamjibu. Kwamba siku moja mama alimjibu kutoka ndani ya pipa la maji.

"Nilimkuta kichwa chini, dada. Miguu tu ndiyo ilikuwa nje. Nilimvuta akitapika maji. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia. Tungelitafutia dawa pamoja." Fundi alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Mji mzima huu, watu wote hawa. Kwa nini mimi?"

Kijana alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Mtu mwingine angeuliza hizi ni namba za nini," akasema. "Wewe ungebonyeza tu."

Fundi aliteremka ngazi zile zote kwa miguu. Nje jua lilikuwa kali na watu walikuwa wakipita na shughuli zao, naye alijisikia mjinga, mjinga mkubwa, mjinga aliyekanyaga cherehani mpaka goti likauma ili alee mtoto atakayeujua vizuri upendo wake na kuutumia. Alilia njiani waziwazi. Hakujali nani anamwona.

Dawa ya Bi Ubani ilikuwa rahisi kusema. Hapo nyumbani asiulize mtu kitu. Neno ruhusa, swali marufuku. Jini likikosa swali litadhoofu, na likidhoofu litarudi kubisha lilikotoka. Nako likinyimwa, litakufa njiani. Dalili ya kwisha ni harufu kutoweka.

Jaribu wewe kuishi bila kuuliza. Hata kujuliana hali ni kuuliza. Asubuhi Fundi alimwambia baba yake, "Umeamka salama," kama anayempa amri, na mzee akajibu, "Na wewe umeamka," kama askari. Chai ikamwagika kwa sababu hakuna aliyeweza kuuliza kama kikombe kipo. Wateja aliwapimia barabarani, mbele ya wapita njia, mama mmoja mnene akasema hajawahi kuaibishwa hivyo. Kulikuwa na nyakati walicheka, wakiziba midomo.

Na mzee asipouliza, angetembeaje? Fundi akafanya analolijua. Akachukua uzi mnene wa kushonea mapazia, akaufunga kwenye kitanda cha baba yake, akautandaza ukutani kwa misumari midogo hadi bafuni, mwingine hadi jikoni, mwingine hadi kiti chake cha mbele. Wa bafuni aliutia fundo moja, wa jikoni mafundo mawili ya karibu karibu, wa kitini akauacha laini. Kuelekea kushoto hakukuwa na uzi wowote. Mzee akajifunza kwa siku moja. Alipita ukumbini vidole vikiteleza juu ya uzi, ametulia, hahitaji sauti ya mtu.

Jini lilikasirika. Jioni umeme ulipokatika liliwaita kutoka kila chumba, kwa sauti ya Fundi, kwa sauti ya mzee, hata kwa sauti ya marehemu mama, na hilo ndilo lililomuumiza mzee kuliko yote, likisema, nipo hapa, ulizeni, ulizeni chochote, nami nitasema, nao walikaa wameshikana mikono gizani, wakiuma midomo, mpaka sauti ikaanza kukwaruza, ikawa nyembamba, ikawa kama mtu anayeomba maji. Kila siku ilipungua. Harufu nayo ikapungua, ikabaki pembe moja tu ya chumba cha kushonea.

Hapo Fundi akafanya kosa ambalo asiyelea mtoto hawezi kulifanya. Alimkumbuka binti wa mdogo wake, miguu nje ya pipa. Akatoka barabarani, akampigia Mtaalamu.

"Sikupigii kwa ajili yako," alimwambia. "Huku limechoka. Litarudi kwako. Nyamazeni kama tunavyonyamaza, msiulize kitu, na litakwisha kabisa. Mwambie mkeo. Mfundishe mtoto."

 Kisha Mtaalamu akasema, "Jana mtoto kasema nyumba inanuka pasi."

"Basi anzeni leo."

"Mtoto wa umri ule, dada. Utamzuiaje kuuliza?"

Siku mbili baadaye alikuja. Alisimama getini, amekonda, ndevu hazijachongwa, akamngoja dada yake atoke. Alisema amemtafuta yule mwenzake aliyempa namba na amefundishwa namna ya kulitoa. Atazifuta kwa mkono wake, atabonyeza yeye, atalichukua na kulifungia katika kompyuta mbovu iliyo stoo ya kazini, chumba kisicho na mtu wa kuuliza chochote.

"Niache nikitengeneze nilichokiharibu," alisema. "Nimekukosea wewe uliyenilea. Silali."

Fundi alimtazama mdogo wake. Alimwona mtoto aliyekuwa akivuta sketi za watu. Hasira yote aliyoikusanya ikayeyuka pale getini, akamshika mkono akamwingiza ndani.

Mtaalamu akaichomeka kompyuta, akafungua kile kidirisha, akafuta namba zote. Akabonyeza mwenyewe. Akasema kwa sauti kubwa, "Ninalichukua." Na harufu ya kuungua, ile iliyokuwa imejibanza pembeni, ikatoweka, ghafla, na chumba kikanuka vitambaa vipya na mafuta ya cherehani kama zamani. Fundi aligeukia jikoni akijifuta macho.

"Utakula?" aliuliza.

Lilimtoka hilo. Lilikuwa swali la kwanza kuulizwa ndani ya nyumba ile tangu Bi Ubani aondoke, naye aligutuka, lakini jibu lilikuja palepale, la furaha, kwa sauti ya mdogo wake: "Nitakula, dada!" Hakuna kingine kilichotokea. Akacheka kwa sauti. Akaleta sahani, akaiweka mbele yake, na Mtaalamu, bila kumtazama, akasema anakwenda kunawa.

Fundi alimkimbilia baba yake. "Limekwisha, baba! Mwanao amelitoa. Uliza sasa, uliza unavyotaka!" Mzee alikaa kitandani, akanyoosha mikono juu, akashukuru. Fundi akafungua kufuli la mlango wa nyuma ili hewa ipite, upepo wa uani ukaingia nyumba nzima. Kisha akachukua mkasi wake mkubwa na kuanza kuzikata zile nyuzi, moja baada ya nyingine, akizikunja mkononi kuelekea mbele, akiimba wimbo usio na maneno, kama mtu anayeondoa mapambo baada ya sherehe. Alifika chumba cha kushonea na donge la uzi.

Kiti kilikuwa kitupu. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na geti lilikuwa likicheza kwenye bawaba zake. Mezani sahani ilikuwa pale pale, mvuke ukitoka, kijiko kikavu. Hakula.

Fundi aliitazama sahani ile, na akakumbuka sahani ya Jumapili ya kwanza, akakumbuka lile jibu la furaha alilojibiwa akiwa amegeuza mgongo, lilivyokuja upesi, upesi mno kwa mtu mwenye makosa, na akaelewa kwamba mdogo wake hakufungua mdomo. Hakuja kulitoa. Alikuja kulilisha, ili lisirudi kwake, na jini lilikuwa limeificha tu harufu yake likingoja swali. Pasi ilikuwa juu ya rafu, waya umezungushwa, na harufu ya kitambaa kinachoungua ikamjaa puani.

Mwisho wa ukumbi vidole vya mzee vilikuwa vikipapasa ukuta mtupu.

"Fundi," aliita, bado na furaha yake, "nimefika wapi?"

"Simama, baba!" Fundi alipiga kelele akitoka mbio, sauti imempasuka kwa hofu, haifanani hata na yeye mwenyewe. "Simama hapo hapo! Usigeuke!"

Na kutoka kule kwenye upepo wa mlango wa nyuma, sauti yake nyingine, iliyotulia, yenye mkwaruzo ule ule wa utotoni, sauti iliyomwongoza mzee miaka yote, ikasema, "Kushoto, baba. Njoo."

Mzee akasimama. Akageuza uso wake huku, kwenye kelele, kisha kule, kwenye upole. Mkono mmoja bado ulikuwa ukitafuta uzi.

"Mko wawili," alisema, kwa unyonge. "Yupi ndiye mwanangu?"

Fundi alivuta pumzi ajibu, lakini alikuwa amekimbia, na kifua kilimbana kidogo tu. Jini likajibu kwanza.